Wafu wa Saa Saba

Wahenga hawakuijua kompyuta, lakini chawa walimjua vizuri. Walijua kwamba mtu akiwashwa huinuka, hukung'uta godoro, humlaumu mbu, humlaumu hata aliyelala chumba cha pili, ila shati alilolivaa hakumbuki kulivua. Ndipo wakatuachia methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Binti mmoja, fundi wa kompyuta katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, aliiandikia insha alipokuwa shuleni, akapata alama nzuri na kupigiwa makofi. Kuielewa kulimchukua miaka kumi na miwili zaidi, na nusura kumtoe mama wa watu kazini.

Ofisini walimwita Fundi Mdogo. Fundi Mkubwa alikuwa mzee aliyemfundisha kazi, naye alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Binti alirithi kiti chake, kompyuta yake, na chumba chembamba chenye dirisha moja la nondo na makabati sita ya chuma. Chumba hicho alikitumia pamoja na karani aliyeitwa Mama Mihuri, aliyekaa hapo miaka thelathini na mmoja. Bila muhuri wake hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa, hata kama majirani wote wameshuhudia. Meza yake ilikuwa ubavuni mwa meza ya Fundi Mdogo, kwa hiyo skrini ya binti aliiona kwa upande tu, siku zote.

Kompyuta ile haikuwa na vipicha vya kubonyeza. Ilikuwa na dirisha jeusi: unaandika amri, unabonyeza enta, nayo inatii. Fundi Mkubwa alikuwa ameitengenezea amri fupi fupi. Ukiandika "fungua" na namba ya mtu, jalada lake linafunguka. Ukiandika "angalia", unaonyeshwa yaliyomo. Ukiandika "peleka marehemu", mtu huyo anahamishwa kutoka daftari la walio hai kwenda daftari la waliokufa. Binti aliendelea kuingia kwa jina la mzee, kwa sababu lilikuwa na ruhusa zote, na kwa sababu alimpenda. Kila amri ambayo mzee aliwahi kuiandika ilikuwa bado imehifadhiwa mle ndani, na moyo wake haukumruhusu kuzifuta.

Ila lile dirisha jeusi lilimchosha macho. Ujana nao una mambo yake. Mwezi mmoja kabla ya mkasa huu aliliwekea vitu viwili alivyovipata kwa mafundi wenzake. Cha kwanza kilikuwa vazi la skrini: rangi ya kijivu iliyoiva, saa pembeni, kishale cha kijani, na kila ukibonyeza enta linafagia maandishi yote na kubakiza jibu peke yake. Cha pili kilikuwa programu ya kukamilisha maneno, ambayo hutazama amri zako za zamani, ikabuni unachotaka kuandika na kukionyesha mbele yako kwa herufi hafifu. Vazi lilimpendeza sana. Ile programu ya pili hakuiona ikifanya chochote, akadhani imegoma, akaisahau. Mara moja moja herufi ya kwanza ilijiandika mara mbili, dalili kwamba vitu hivyo viwili vinasukumana, naye akasema atavipatanisha akipata nafasi. Nafasi haikupatikana.

Jumanne moja akaja seremala dirishani, amekunja uso. Hospitali ilikuwa imekataa kumhudumia kwa kuwa daftari lilisema amekufa. Alishangaa, maana wiki iliyopita tu alikuja hapa hapa kuuliza cheti chake, na alikuwa mzima.

"Leo nimeamka, nimekunywa chai, nimegombana na mke wangu," alisema. "Maiti gani hii?"

Wote wakacheka. Mama Mihuri akajaza fomu ya kumrudisha, akagonga muhuri, na Fundi Mdogo akamrudisha miongoni mwa walio hai. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akaandika "angalia" kuhakikisha. Skrini ikajibu kwamba seremala yu hai. Kesho yake seremala akarudi, amekufa tena. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Baada yake akaja mkunga, kisha mwalimu wa hesabu, kisha mama aliyenyonyesha mtoto wake pale pale kwenye benchi akisubiri kuambiwa kama yeye ni mfu au la. Wote waliwahi kuja kuuliza jambo dogo, na wote siku ya pili yake walikuwa wameshakufa. Wakirudishwa, wakihakikiwa, wanakufa upya. Habari ikasambaa. Watu wakaanza kufika dirishani na kukataa kutaja majina yao, wengine wakisimama mbali na kunyoosha karatasi kwa ncha za vidole. Ofisi ilipoa, ikawa unasikia feni ikizunguka.

Fundi Mdogo aliingia kwenye kumbukumbu za mtambo kutafuta mhusika. Vifo vyote vilikuwa vimeingizwa saa saba mchana kamili, wala si dakika moja zaidi, na jina la mwingizaji lilikuwa moja: Fundi Mkubwa. Yeye hulitumia jina hilo, lakini saa hiyo huwa hayupo mezani. Akafungua orodha ya amri zilizokwisha kutumika. Mwishoni alikuta mstari mmoja umerudiwa mara mamia: "angalia, peleka marehemu". Yeye hakuwahi kuuandika hata siku moja. Vinyweleo vikamsimama, akaondoka kwenye kiti cha mzee na kuvuta kigoda.

Tangu hapo alianza kuona vitu. Alipobonyeza enta, kabla skrini haijafagiwa, neno lilipita mbele ya macho yake, kufumba na kufumbua, na alikuwa na hakika kwamba lilikuwa "marehemu". Akirudia kutazama, pana kijivu kitupu na kishale cha kijani kinachopepesa. Siku moja, chumba kikiwa kitupu, alijikuta akikiuliza kile kiti kwa sauti ya chini kwamba mzee anataka nini. Kiti hakikujibu, naye aliogopa kuliko kama kingejibu.

Lakini hofu haipendi kukaa bila mtu wa kumshika shati. Binti aliwaza: saa saba mimi huenda kula. Nani hubaki humu? Mama Mihuri hubaki, na chakula chake kwenye bakuli la plastiki, na kompyuta imeachwa wazi. Tena nywila ya mzee iliandikwa kwa kalamu ndani ya mtoto wa meza, na Mama Mihuri aliijua. Halafu huyu mama si ndiye aliyenung'unika siku mitambo ilipoletwa? Kadiri alivyowaza ndivyo alivyotulia, kwa sababu mwizi wa nyama na mifupa ni afadhali mara kumi kuliko mzuka. Akaenda kumwambia mkuu wa ofisi.

Mkuu alikuwa mtu aliyeogopa magazeti kuliko ugonjwa. Alhamisi akawaita wote wawili ofisini kwake, akafunga kile chumba chao kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni. Mama Mihuri alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alijibu kwamba kibodi ile hajawahi kuigusa hata kwa kuipangusa vumbi. Akaongeza kwamba yeye huyaona maneno kwenye skrini ile, mepesi kama ukungu, yamekaa mbele ya maneno anayoandika binti, na alidhani ndivyo mitambo ilivyo. Mkuu akatazama dari. Fundi Mdogo naye alijisemea kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Kikao kilianza saa sita na nusu na kikaisha saa nane kasorobo, kwa uamuzi kwamba barua ya kumwachisha kazi Mama Mihuri itatiwa saini kesho. Barua hiyo ilihitaji tarehe yake ya kuzaliwa, na binti alikuwa amekwisha kuitafuta asubuhi kwa agizo la mkuu: alifungua jalada la mama huyo, akaandika "angalia", akainakili kwenye karatasi.

Ijumaa asubuhi kadi ya Mama Mihuri ilikataa kufungua geti. Mlinzi aliitazama orodha yake, akamtazama yeye, akaitazama orodha tena. Hatimaye akamsindikiza mpaka mlangoni pa kile chumba, akisimama nyuma yake hatua tatu. Mama Mihuri alikuwa na mkoba wake kwapani na bakuli lake la plastiki mkononi, kama siku zote.

"Mwanangu," alisema, "nimekufa lini?"

Fundi Mdogo alifungua kumbukumbu. Jana, saa saba kamili. Na jana saa saba chumba kilikuwa kimefungwa, ufunguo mfukoni mwa mkuu, na wao watatu wamekaa ana kwa ana. Hapakuwa na mtu humu. Kisha akahesabu kwa vidole: seremala, mkunga, mwalimu, mama mwenye mtoto, na sasa huyu. Hakuna hata mmoja ambaye yeye mwenyewe hakumfungulia jalada na kumwangalia. Alitamani kulia, akalia.

"Mama, kila ninayemwangalia anakufa," alisema.

Mama Mihuri hakumbembeleza. Aliweka bakuli mezani, akaketi mahali pake pa miaka thelathini na mmoja, akamwamuru aandike kama anavyoandika kila siku ila asibonyeze kitu. Binti akaandika "angalia", akainua mikono juu.

"Maneno yale yapo," mama alisema. "Njoo ukae hapa."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Fundi Mdogo alikaa kwenye kiti cha Mama Mihuri. Kwa upande ule, kijivu cha skrini kilipauka kidogo. Na hapo mbele ya neno lake, hafifu, yametulia yanangoja, yalikuwepo maneno mengine: "peleka marehemu". Hakuna mkono uliokuwa karibu na kibodi.

Aliyasoma mara mbili. Kisha akarudi kwenye kigoda chake na kufanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mwezi mzima: alilivua vazi. Dirisha likarudi jeusi kama alivyoliacha mzee. Akaandika "angalia" na maneno yale yakaonekana waziwazi, hata mlinzi aliyesimama mlangoni aliyasoma.

Basi hapakuwa na mzuka. Miezi yake ya mwisho kazini Fundi Mkubwa alipewa maboksi ya vifo vya miaka ya nyuma, na kutwa nzima alikuwa akiangalia jalada na kulipeleka, akiangalia na kulipeleka, kwa mstari mmoja. Ile programu ya kukamilisha maneno haikuwa imegoma. Iliikuta tabia hiyo kwenye kumbukumbu za mzee, ikawa inamkumbusha binti kila siku, kwa herufi zenye rangi karibu sawa na ya vazi alilolichagua mwenyewe. Vazi nalo, kabla ya kufagia skrini, lilikuwa na desturi ya kukipeleka kwanza kishale mwisho wa mstari. Na kwa ile programu, kwenda mwisho wa mstari maana yake ni, "Ndiyo, nimekubali uliyobuni." Kila alipobonyeza enta, binti alikubali. Kuhusu saa saba, alikuta kwenye maelekezo ya mzee kwamba vifo vya siku nzima hukusanywa na kuingizwa kwa pamoja saa hiyo.

Angeweza kunyamaza. Angelivua vazi, vifo vingekoma, na barua ingetiwa saini, na dunia nzima ingesema kwamba mchawi kaondoka na uchawi umeondoka. Wazo hilo lilimpitia, tusimsingizie utakatifu. Mama Mihuri alikuwa ameinama akitoa vitu vyake kwenye mtoto wa meza: pini, miwani ya akiba, kitambaa cha kufutia mihuri. Fundi Mdogo aliona haya mpaka masikio yakamwaka, akaenda kumwita mkuu.

Mbele ya mkuu alilivalisha dirisha lile vazi lake tena. Akafungua jalada lake mwenyewe, akaandika "angalia", akabonyeza enta. Skrini ikasema yu hai. Akaomba wasubiri mpaka saa saba. Walikaa watatu, mlinzi wa nne, macho kwenye saa ya pembeni. Saa saba ilipogonga, mkuu mwenyewe alisogea akalitafuta jina la binti. Lilikuwa katika daftari la marehemu.

"Nani amekuandika humu?" mkuu aliuliza.

"Mimi mwenyewe, mkuu. Na wale wengine wote ni mimi. Mama huyu hajagusa kitu."

Mkuu alirudi ofisini kwake, na barua ile haikuonekana tena. Mchana kutwa Fundi Mdogo alisoma majina na Mama Mihuri akajaza fomu, watu arobaini na watatu, mmoja mmoja, muhuri baada ya muhuri. Dirisha lilikuwa jeusi, halina saa wala kishale cha kijani. Mama alijirudisha yeye mwenyewe wa arobaini na mbili. Fomu ya mwisho ilikuwa ya binti. Mama Mihuri aliushika muhuri juu ya karatasi na hakuushusha, akimtazama yule mtoto aliyetaka kumfukuzisha.

"Nisamehe, mama," Fundi Mdogo alisema, machozi yakimdondoka mezani.

"Ulinizika nikikutazama," Mama Mihuri alisema. "Siku nyingine ukiwashwa, mwanangu, anza na shati lako."

Kisha akagonga muhuri, na binti akawa hai tena, amejifunza akiwa kaburini yale aliyoyaandikia insha akiwa darasani: kikulacho ki nguoni mwako.