Salamu za Bibi Kobe

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na miji yao na makelele yao, Tembo alikuwa mwenyekiti wa mji mmoja mdogo. Siku moja akatangaza, "Tunachonga njia ya matembezi! Itoke sokoni mpaka mtoni, tuwe tunanyoosha miguu jioni."

Wanyama wakapiga makofi, pwa! pwa! pwa!

Kazi ya kupanga njia akapewa Kifaru. Na Kifaru mnamjua, hajui kupinda. Alikaza macho mbele, akapigilia vigingi kwa mstari mmoja, ka! ka! ka! Kimoja kikasimama mlangoni kwa Bibi Kobe.

"Nyumba hii itavunjwa," akasema.

Juu ya mpera wa Bibi, Kindi alisikia. "Jamani! Bibi mzee vile atahamia wapi?"

"Njia haipindi!" Kifaru akafoka.

"Bibi amelala. Kesho tutakuja kumwambia," akasema Tembo, aliyekuwa amefuatana naye.

Kindi moyo ulimuuma sana, maana Bibi Kobe ndiye aliyemlea. Akateremka mbio, tiri tiri tiri, akamwamsha Bibi, akamnong'oneza, "Bibi, kesho una wageni. Wasalimie vizuri. Usimsahau mtu yeyote wa kwao."

"Kwani mimi huwa nasahau?" akauliza Bibi.

Kesho yake Tembo na Kifaru hao wakaja. "Hodi!"

"Karibuni, karibuni mkae."

"Shikamoo, Bibi."

Bibi Kobe akatoa kichwa polepole, polepole. "Marahabaaa. Hujambo, mwenyekiti?"

"Sijambo."

"Mkeo?"

"Hajambo. Sasa Bibi, tumekuja..."

"Ngoja kwanza, baba. Watoto? Mama? Na yule shangazi mwenye kikohozi?"

Ukoo wa Tembo mnaujua ulivyo! Kifaru akawa anapiga mguu chini, ti! ti! "Si umwambie basi!"

"Nitamwambiaje na salamu hazijaisha?" Tembo akamjibu kwa sauti ya chini. "Mimi nimelelewa, bwana!"

Jua likafika utosini mashangazi hawajaisha. Wakanywa uji, wakarudi kwao. Siku iliyofuata Bibi akaanza na wajomba. Huko juu Kindi alijiziba mdomo, mbavu zinamuuma kwa kicheko.

Walipokuja tena, Bibi akamgeukia Kifaru. "Na wewe, baba, goti la mama yako limepata nafuu?"

Kifaru akaacha kupiga mguu. Mji mzima ulimwogopa, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mama yake.

"Bado, Bibi," akasema taratibu. "Usiku halali."

"Masikini! Pole sana. Mpelekee mapera haya, mwambie namkumbuka."

Chozi likamdondoka Kifaru, to!

Kindi akajisahau. "Bibi! Bado wajomba wa Tembo wa upande wa mama!"

Tembo akainua macho mtini. "Ahaa! Kumbe ni wewe!"

Kindi akatetemeka mpaka majani yakatikisika. "Ndiyo, ni mimi. Nilitaka msipate nafasi ya kusema."

"Kusema nini?" akauliza Bibi Kobe.

Tembo akamtazama Kifaru. Kifaru akayatazama mapera mkononi mwake.

"Tulikuja kusema, Bibi," akaanza Kifaru, "kwamba njia ya matembezi itapita hapa kwako. Mbele ya kibaraza." Akavuta pumzi. "Itapinda."

"Itapinda?" Tembo akashangaa.

"Nimesema itapinda!"

Kifaru akang'oa kigingi mlangoni, kwach! Kisha akaanza kuuzunguka mpera na nyumba, anahema, anayumba, akiikanyaga kona ya kwanza maishani mwake. Kindi akamtangulia akimwonyesha, "Huku, mjomba, huku!"

Tangu siku hiyo, anayetoka sokoni kwenda mtoni hufika amechelewa, na Bibi Kobe hakai tena peke yake.

Ndiyo nawaambia, wajukuu zangu: ukimsalimia mtu kwa moyo, utashindwa kumvunjia nyumba.