Dimbwi la Kambale

Mtu mmoja, jina lake Mhoja, alijenga nyumba kando ya kijito alichokiharibu mwenyewe. Ujana wake aliumalizia hapo, enzi ambazo dhahabu haikuwa mbali na uso wa ardhi. Alisaga mawe, akauchanganya unga wake na zebaki, inayonasa dhahabu, ndani ya beseni, akakanda kwa mikono mitupu, na machujo akayamwaga majini. Hakuna aliyemkataza, maana kila mchimbaji alifanya hivyo. Dhahabu ilipokwisha, wenzake walihama. Yeye alibaki, akafuga ng'ombe, akalima mpunga, mwishowe akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

Kijito nacho kikabadilika. Maji yaliyokuwa mazito kama uji yakawa maangavu, kokoto zikaonekana chini. Katika dimbwi la bondeni wakazaliana kambale wanene, na watu wakasema Mungu amekiponya kijito. Mhoja aliwasikia, akanyamaza.

Siku moja bwana afya aliitisha mkutano kijijini. Alieleza kwamba zebaki haichukuliwi na maji ikaisha. Ni nzito, huzama, ikalala kwenye tope miaka na miaka. Wadudu wa tope huila, kambale huwala wadudu, na mtu humla kambale. Mama mjamzito akimla, sumu humfikia mtoto tumboni, ikaudhuru ubongo wake. Kisha akauliza ni nani anayejua mahali dhahabu ilipooshwa zamani. Watu wakatazamana, kwani wengi walihamia pale baadaye. Mhoja alitazama viatu vyake, akarudi nyumbani.

Nyumbani alikuwapo mkwe wake Nkwimba, mke wa mwanawe Bundala. Alikuwa na mimba changa, nayo walikuwa wameiombea muda mrefu. Kila chakula kilimkinaisha isipokuwa kambale, na Bundala alimvulia katika dimbwi lile lile. Mhoja alipoketi uani, harufu ya mchuzi ikamfikia. Akawaza: nikisema, nitaitwa mzee wa kanisa aliyemlisha sumu mjukuu wake. Nikinyamaza, huenda pasitokee neno. Watu wamekula siku zote, na huyu ni kambale mmoja tu zaidi. Alipojisikia akisema hivyo moyoni, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa shimoni.

Kwa desturi yao, baba mkwe hakaribii jiko la mke wa mwanawe. Siku ile Mhoja aliingia. Akakiepua chungu, akakiweka chini, akasema, "Usile, mwanangu, tope la dimbwi lile lina sumu, na aliyeimwaga ni mimi."

Nkwimba alishika tumbo kwa mikono yote miwili, akakaa pale pale sakafuni. Bundala alikuwa mlangoni, akasikia yote. Alimpandisha mkewe kwenye pikipiki wakaenda hospitali, wala hakumtupia baba yake hata jicho. Mhoja naye akatembea hadi kwa bwana afya, akamwonyesha dimbwi, akamwonyesha na mahali pote alipowahi kukanda.

Wakaanza kungoja. Tope lilipelekwa kupimwa, na nywele za Nkwimba pia. Siku hizo Mhoja aliletewa chakula kama kawaida, ila hakuna aliyekaa kula naye. Jirani mmoja, aliyekuwa akiwauza kambale wale sokoni, aliacha kumsalimu, na hajamsalimu hadi leo. Hata hivyo wazee wawili walijitokeza, wakakiri kwamba nao waliosha dhahabu mahali fulani juu ya kijito. Labda wasingesema kamwe kama yeye hangetangulia.

Majibu yalipokuja, maji yalikuwa karibu safi. Tope lilikuwa limejaa sumu. Na Nkwimba? Sumu ilikuwa imemwingia, lakini kidogo, kwa kuwa hakuwa amekula muda mrefu. Daktari alimwambia alikuwa ameacha mapema. Nkwimba akalia kwa sauti mle chumbani, na Bundala, aliyekuwa amesimama wakati wote huo, ndipo akapata nguvu ya kuketi.

Wakati wa kiangazi kijito kilichepushwa. Wataalamu walisimamia tope likichotwa na kufukiwa mbali na maji, katika shimo lililotandikwa plastiki nzito lisivuje. Mvua za kwanza zilipoanza, Nkwimba alijifungua binti, naye alilia kabla hajafutwa. Walimchunguza mara nyingi. Alifuata mwanga kwa macho, alishika kidole asikiachie, alinyonya vizuri. Hawakumkuta na kasoro.

Bundala alimtoa mtoto nje, akamweka mikononi mwa baba yake. Mikono ya Mhoja ilikuwa ikitetemeka kwa zebaki tangu enzi za machimbo, akasita kumpokea. "Mshike tu, baba," Bundala alisema, naye akaiweka mikono yake chini ya mikono ya mzee. Mhoja akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa safari ndefu.

Nanyi mnaonisikiliza, mliokwisha kuokoka na kuheshimika: ni nani anayekula leo katika dimbwi ulilolichafua wewe zamani, na unangoja nini kumwambia?