Bustani ya Mlango Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeitikia na muhogo mdomoni nimemsamehe. Sogeeni. Watoto kaeni mbele, watu wazima nyuma, maana leo wenye kosa ni watu wazima.

Hapo zamani za kale, kanga alikuwa na shingo nzuri. Manyoya mpaka kidevuni, meusi, yenye madoadoa meupe. Kanga ninayemsema mimi aliitwa Bi Madoa, na alikuwa na vifaranga kumi na wawili. Aliishi katika mji wa wanyama. Katikati ya mji, pale njia zote zinapokutana, palikuwa na bustani. Haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya wote. Ilikuwa na mkuyu mmoja mkubwa na chemchemi chini yake, na kila mtoto wa mji ule alijifunzia kukimbia pale.

Lakini cha wote nani anakifagia? Nyasi zikapanda, zikapanda, zikamfika ngiri kifuani. Chemchemi ikajaa tope. Siku moja kifaranga wa Bi Madoa akachomwa mwiba, akachechemea mwezi mzima. Hapo Mzee Kobe, mwenyekiti wa mji, akaita baraza.

Sasa sikilizeni ada ya mji ule, msije mkaniuliza baadaye. Kwenye jambo la wote, mkeka unatandikwa katikati. Anayetaka kusema anaweka kwanza kitu chake juu ya mkeka, hata kama ni punje moja ya mtama. Akishaweka, anasema. Akiuliza, lazima ajibiwe kabla jambo halijaendelea. Asiyeweka anakaa kimya. Wenyewe walikuwa wakisema, mkeka mtupu hauna mdomo.

Mzee Kobe akatandika mkeka, akauliza nani anatoa nini ili bustani itengenezwe. Nyani akashika mgongo, akajikunja kama mgonjwa. Ngiri akawatazama watoto wake, utadhani ndiyo kwanza anaona walivyo wengi. Na Bi Madoa? Bi Madoa alikuwa na kibuyu cha mtama nyumbani, kimejaa mpaka shingoni. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta mdudu.

Ndipo nyasi zikafanya shhh. Akatoka Chui, Chui wa kule mlimani, anatembea taratibu. Amebeba mzigo wa chumvi na mizinga miwili ya asali. Akaviweka mkekani, pu! Kisha akasema kwa sauti laini kwamba wasijisumbue, gharama zote ni zake. Atafyeka nyasi, atazibua chemchemi, atajenga ua. Wao walete watoto tu.

Vigelegele! Wapi? Mji mzima. Chui akachora mavumbini kwa ukucha wake. Akachora duara, akachora mti katikati, akachora mlango mmoja. Mzee Kobe akauliza kama yupo mwenye neno. Nani awe na neno, na mkekani pana vitu vya mmoja? Bi Madoa alihisi baridi shingoni, pale pale kwenye manyoya yake mazuri. Alijiambia kwamba mambo ni ya bure, kwa nini ayaharibu yeye.

Rahisi ghali, jamani. Wahenga walishasema.

Kazi ikaanza. Tu! Tu! Tu! Nguzo zikasimama. Miiba ya mgunga ikafungwa juu ya nguzo. Kila asubuhi Bi Madoa alipita pale na vifaranga wake, akatazama. Siku ya kwanza ua ulimfika yeye shingoni. Siku ya tatu ulimpita Nyani. Siku ya saba akaona jambo lililomkausha mate. Ua wa kuzuia adui, miiba yake hutazama nje. Miiba hii ilitazama ndani.

Akaenda kwa Nyani. Nyani akajikuna, akamwambia ameanza kuogopa hata kivuli cha mti. Akaenda kwa Ngiri. Ngiri akamwambia asiyetoa hata punje asikague. Akaenda kwa Mzee Kobe. Mzee Kobe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Bi Madoa, siku ile uliweka nini?"

Bi Madoa akarudi na hofu yake nyumbani.

Siku ya kufungua bustani ikafika. Jua la utosi. Mkeka umetandikwa mbele ya mlango kwa ajili ya shukrani, na wanyama wote wamejipanga. Chui akasimama mlangoni. Akasema watoto watangulie, wazazi wangoje nje kidogo, watoto wapate kuzoea. Wazazi wakaitikia. Bi Madoa aliwabana wake chini ya mabawa, ameapa hawaingii. Mlango ukafunguliwa. Maji ya chemchemi yakang'aa. Watoto wa ngiri wakakimbia, watoto wa nyani wakakimbia, na vifaranga je? Nani amewahi kushika vifaranga kumi na wawili kwa mabawa mawili? Puru! Puru! Puru! Wakaingia wote.

Bi Madoa akakimbilia kwenye ua, akachungulia kati ya miiba. Watoto wanaruka majini, wanacheka. Juu yao majani ya mkuyu yakatikisika. Hapakuwa na upepo. Kisha kitu kikaning'inia kutoka kwenye majani. Kirefu. Kina madoa. Kikazunguka polepole, kikatulia.

Mkia.

Akageuka akamtazama Chui mlangoni. Chui mkia wake anao. Basi huu ni wa nani?

Ulikuwa wa mkewe.

Bi Madoa akakimbia mpaka mbele ya wenzake, akafungua mdomo.

"Weka kwanza," akasema Mzee Kobe.

Wanyama wakaguna. Kibuyu cha mtama kiko nyumbani, nyumbani ni mbali, na mlango umeanza kufungwa, kreee. Bi Madoa akajitazama. Hakuwa na kitu ila mwili wake. Akainua mguu, akazamisha kucha shingoni, akavuta. Nyoo! Unyoya ukaanguka mkekani na damu yake. Akavuta tena. Nyoo! Akavuta, akavuta, mpaka shingo ikabaki ngozi tupu.

"Nimeweka," akasema. "Nauliza. Mlango wa pili uko wapi?"

Mlango ukasimama nusu. Ada ni ada, na mji mzima ulikuwa unatazama. Chui akatabasamu.

"Wa nini, mama? Kuingia, huu unatosha."

"Wa kutokea."

Ngiri akautazama ua, na sasa akaona miiba inatazama wapi. Hakungoja mkeka. Akainamisha meno yake, akachimba chini ya ua, fuku, fuku, fuku! Nyani akasahau mgongo wake. Akashika nguzo kwa mikono miwili, miiba ikamchana viganja, akaing'oa. Ua ukafunguka. Bi Madoa akalia, kekeke-kwe! Kekeke-kwe! Sauti hiyo hakuwahi kuitoa tangu azaliwe. Watoto wakaifuata sauti, wakatoka mbio. Jike la chui likaruka kutoka mkuyuni, puu! Likatua penye nyasi tupu. Chini ya kucha zake palikuwa na unyoya mmoja mdogo.

Bi Madoa akahesabu vifaranga. Kumi na mmoja. Akahesabu tena. Kumi na mmoja. Ndipo akasikia kitu kinatetemeka chini ya bawa lake. Wa kumi na mbili alikuwa ameshajificha, kale kadogo kalikochomwa mwiba, kamekatika unyoya wa mkiani.

Chui hakunguruma. Alisema bustani ni yake, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Mzee Kobe, huku anatetemeka ndani ya gamba lake, akamwambia abebe ua wake aondoke nao. Ngiri akasimama pembeni ya Mzee Kobe na meno yake. Nyani akasimama na nguzo. Chui akawatazama mmoja mmoja, akaona ni wengi. Akaondoka na mkewe. Hakukimbia, alitembea. Na mlimani yupo mpaka leo.

Kesho yake mkeka ukatandikwa tena. Hakuna aliyeshika mgongo. Ngiri akatoa siku kumi za kuchimba. Nyani akatoa nguzo. Bi Madoa akaleta kibuyu chake chote, ili wanaofanya kazi wapate kula. Wakazozana siku tatu juu ya kila jiwe na kila njia, mpaka masikio yakauma, kwa sababu sasa kila mmoja alikuwa na mdomo. Bustani ikawa na milango minne, na nyasi fupi, ili mama akisimama popote amwone mtoto wake.

Shingo ya kanga haikuota tena manyoya. Ndiyo maana nyasi zikitikisika kidogo tu anapiga kelele kwanza, wala haulizi kama ameweka. Watoto wake wakimuuliza manyoya yalikwenda wapi, anawaonyesha mlango wa pili.

Nanyi shikeni hili. Kitu cha wote hulipiwa na wote. Mkimwachia mmoja alipe peke yake, mmemwachia na mlango.

Hadithi yangu imeishia hapo, bustanini. Wanaokwenda nyumbani waende, ila wakianza kuingia mahali, wahesabu milango.