Aliyemleta Saumu

Mwenye haraka aondoke sasa, maana nikishaanza sipendi mtu kuinuka. Na nyinyi huko nyuma acheni kucheka, hii si ya kuchekesha.

Msambweni, mtaa mmoja, walikaa watu watatu. Riziki, muuza viazi karai, hana haya hata kidogo: ataingia msibani, ataingia ugomvini, na atauliza lile ambalo wengine mnalimeza. Sudi, mpiga video za harusi, alijaliwa mkono wa kupamba. Bibi harusi aliyenuna kutwa nzima hutoka kwake anatabasamu. Mwalimu Mesalimu, mstaafu, kipaji chake kilikuwa kupunguza. Ukimpelekea barua ya kurasa tatu hukurudishia mistari minne, na hiyo minne ndiyo uliyokusudia.

Jirani yao, Bi Mwanatumu, alikuwa na binti mmoja tu, Saumu, aliyekwenda Arabuni kufanya kazi za ndani. Siku moja simu ikaja: Saumu amefariki, mwili uko hospitali, na kumsafirisha kunataka pesa ambazo mama yule hajapata kuziona. Asipochukuliwa mwezi ule angezikwa hukohuko, bila mtu wake hata mmoja.

Tangu siku hiyo, kila saa nane mchana, mama akawa anasikia hodi mlangoni. Sauti ya Saumu, ileile. Akifungua haoni mtu, ni ua, kuku na jua.

Riziki akasema, "Mama, hili watu walione." Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akamrekodi mama akiinuka, akifungua mlango, akisema, "Pita, mwanangu," kisha akirudi kukaa. Picha inatikisika, upepo unavuma. Akaitia mtandaoni kuomba mchango. Walioiona walilia, lakini wengi hawakutoa kitu, maana matapeli nao hupiga video vivyo hivyo.

Sudi akasema, "Niachieni mimi." Akatafuta barua ya hospitali, pasipoti, gharama za ndege na jeneza, akavipanga kwa maandishi safi hata mwenye macho mabovu asome. Sasa watu wakaamini, wakaanza kutoa. Ila, jamani, mkono umezoea harusi. Alitumia mapambo yaleyale aliyokuwa ameyapanga kwenye kompyuta kwa ajili ya maharusi, na kwa uchovu hakuitazama video yake mpaka mwisho. Mwisho wake uso wa Saumu ulimwagiwa maua ya waridi, vigelegele vikapigwa. Watu wakatukana: "Wenye pesa za mapambo haya wanatuomba nini? Na maiti anaolewa?" Mchango ukasimama. Mama peke yake ndiye aliyeomba aonyeshwe tena yale maua, kwa kuwa Saumu hakuwahi kuolewa. Sudi alilia mbele yake, nami simcheki.

Mwalimu Mesalimu akaitazama kazi ya Riziki, akaitazama ya Sudi. "Toa maua, toa muziki," akamwambia Sudi. "Mwache mama afungue mlango. Kisha onyesha barua. Kisha nyamaza."

"Angalau niondoe ule upepo, Mwalimu."

"Upepo ubaki."

Ikawa video ya dakika moja, mwanzo wake mchafu, mwisho wake safi. Siku ya tisa mchango ukatimia. Saumu akaletwa, akazikwa kwao.

Mtadhani yameisha. Siku ya tatu baada ya mazishi, saa nane mchana, hodi. Safari hii sauti iliuliza, "Mama, ni nani aliyenileta?"

Saumu tangu utotoni hakulala bila kumshukuru aliyemtendea wema. Ndani ya begi lake lililokuja naye mlikuwa na leso mpya, haijakunjuliwa. Bi Mwanatumu akajibu mlangoni, "Wamekuleta watatu, mwanangu." Kesho yake hodi tena, swali lilelile, na sauti imechoka zaidi. Mama yule haogopi. Anaumia tu kwamba mtoto wake yuko kaburini na bado hajapumzika.

Akawaita wote watatu, akaiweka leso katikati ya mkeka, iwe shukrani ya Saumu kwa yule mmoja aliyemleta.

"Mimi ndiye niliyeingia humu wakati nyinyi mkipita njia ya nyuma," akasema Riziki. "Bila mimi mngepamba nini?"

"Na bila mimi mngeitwa matapeli mpaka leo," akasema Sudi.

"Mlikuwa na vyote viwili," akasema Mwalimu, "na mchango ulikuwa umesimama."

Hakuna aliyesema uongo. Bi Mwanatumu aliwatazama mmoja mmoja, akaiokota leso, akaenda kusimama nyuma ya mlango wake, na mpaka leo ninavyowasimulia hajajua la kusema.

Basi msiniambie watatu, watatu alishaambiwa na hakuondoka. Hodi itapigwa. Mama akifungua, kwa mwanawe amtaje nani? Wewe ungelitaja jina gani?