Ukanda wa Mkuyu

Nitegeeni masikio, ila midomo msiifunge, mwishoni nitaihitaji.

Kando ya msitu waliishi watu watatu. Kavira, mjane, alikuwa na ulimi usioogopa mtu. Shemeji yake Mumbere alikwea miti ambayo wengine waliitazama tu. Na Masika, mpishi wa kambi ya wapasua mbao, hakuna kilichompita machoni.

Ndani ya msitu huo ulisimama mkuyu, makao ya kasuku wadogo wa kijani wenye utepe mweusi shingoni. Desturi ya kijiji ilikuwa hii: kila mti mkubwa una mlinzi mmoja, avaaye ukanda wa gome, na bila idhini yake hauguswi. Ulinzi haurithiwi, hupewa aliyeuokoa mti. Mlinzi wa mkuyu huu alikuwa mama yake Kavira. Alipofariki, ukanda ukatundikwa kwa Mwami, mtawala wa kijiji, na Bwana Zakuani, mwenye kambi, akaja na misumeno.

"Mti hauna mwenyewe," alisema barazani.

Kavira akasimama bila kuitwa. "Wenyewe wako juu! Kasuku wale hawali ila kuyu, tunda la mti huu. Ukiuangusha, umewaua."

"Mama, ndege ni ndege. Watakula mtama kama kuku."

"Basi fuga wawili, uwalishe huo mtama. Siku ya nne wakiwa wazima, kata. Wakidhoofika, fungasha virago."

Watu waliguna. Mjane kumwekea tajiri masharti! Lakini Mwami aliafiki, na Zakuani akaona aibu kukataa. Watu wake wakawanasa kasuku wawili kwa ulimbo.

Siku ya pili ndege walikuwa wamejikunyata, mtama haujaguswa. Zakuani akawatuma wapasuaji waukate mti kabla ya siku kufika. Walimkuta Mumbere juu, amekalia tagaa.

"Shuka, ama tutakuangusha nao!"

"Angusheni, kisha mkamweleze mama yangu."

Alikaa huko mpaka siku ya nne, akila kuyu na kunyonya maji ya mvua majanini, huku siafu wakimtafuna miguu. Hakuna aliyethubutu kuwasha msumeno.

Siku ya nne baraza lilifurika. Kizimba kikaletwa, na kasuku walikuwa wakirukaruka kwa furaha! Zakuani akacheka. Kavira akakisogelea kizimba. Ndege hawa aliwajua tangu utotoni, na sasa mti wa mama yake ulikuwa unaangushwa na ulimi wake mwenyewe.

Hapo Masika akajipenyeza mbele, ameshika jani la mgomba.

"Mwami, anayefagia chini ya kizimba hiki ni mimi. Tazama kinyesi hiki: punje ya mtama hakuna, mbegu za kuyu tele. Kuna mkono uliookota kuyu na kuwalisha kwa siri, na mkono huohuo ndio unaoniajiri. Kazi nimeikosa leo, na liwe liwalo!"

Njia ya mwongo ni fupi. Zakuani alifungasha virago. Kizimba kilifunguliwa, na kasuku wakaruka moja kwa moja hadi mkuyuni, Mumbere akiwa bado anashuka.

Mumbere alipofika barazani, Mwami aliuangua ukanda. "Ukanda ni mmoja," alisema. "Nimfunge nani?"

"Bila mimi mngekuwa mnagombania kisiki," alisema Mumbere.

"Bila mimi mngekuwa mnahesabu mbao," alisema Masika. "Na ninyi jioni mtapika, mimi sijui nitapika nini."

Kavira aliutazama ukanda. Ulikuwa bado umepinda kwa umbo la kiuno cha mama yake, naye aliutaka kuliko kitu chochote. Lakini hakubembeleza.

"Bila mimi pasingekuwa na siku ya nne," alisema. "Ndiyo, ulimi wangu nusura uuangushe mti. Lakini wakati ninyi nyote mmenyamaza hapa, ndio pekee uliousimamisha. Simwachii mtu."

Mwami akawageukia watu wake, kama ninavyowageukia ninyi. Haya, midomo ifunguke: ukanda ule, wewe ungemfunga nani?