Bi Kalunde na Vichaka Saba

Hapo zamani za kale, wakati vifaru walipokuwa wakijifunga misuli kiunoni na kunywa kahawa barazani, palikuwa na mbuga yenye desturi moja ngumu. Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na msianze kucheka kabla sijafika penye kuchekesha.

Kila masika yalipoanza, kila dume mwenye boma alizunguka mpaka wake mbele ya wazee. Mpakani palikuwa na vichaka saba. Alitakiwa akojolee kila kichaka, shwaaa, ili majirani wanuse na kujua kwamba boma lina mwenyewe. Aliyeishiwa kabla ya kichaka cha saba alihamishwa yeye na familia yake, akapelekwa kwenye mawe makavu ambako hata panzi hakai.

Mzee Kifaru, mmoja wa wazee watatu wa baraza, alikuwa na boma zuri kuliko yote, kando ya kijito, pamoja na mkewe Bi Nyamizi na watoto watatu. Miaka yote alimaliza vichaka saba na akabakiza. Mwaka ule mambo yakageuka. Alikuwa anasimama nyuma ya nyumba, anasubiri, anakohoa, anatazama mawingu kana kwamba hana shida yoyote duniani. Halafu kinatoka kidogo. Ti. Ti. Ti. Akirudi kuketi, anabanwa tena.

Usiku aliamka mara tano. Gudu gudu gudu mpaka nje, gudu gudu gudu mpaka ndani.

"Kulikoni, baba watoto?" Bi Nyamizi aliuliza.

"Nasikiliza kama kuna wezi."

"Wezi wa mara tano?"

"Siku hizi wamezidi," akasema Kifaru, akajifunika shuka mpaka kwenye pembe.

Hofu ilikuwa imemkaa moyoni. Masika yaliyopita alimwona Mzee Pofu, yule swala mkubwa, akiishiwa kwenye kichaka cha tano. Mzee Nyati, mwenye sauti nene, ndiye aliyeanza kucheka, na mbuga nzima ikafuata. Pofu aliondoka siku ileile, mkewe akiwa na sufuria kichwani. Kifaru naye alicheka siku hiyo. Sasa akikumbuka, aibu inampanda.

Basi akajitungia dawa yake mwenyewe, akaacha kunywa maji. Aliwaza kwamba asipoingiza hatahitaji kutoa. Midomo ikamkauka, kichwa kikawa kinamgonga, mkojo ukawa wa rangi ya chai na unaunguza. Kahawa hakuiacha, maana kahawa, alisema, si maji. Na jioni alikunywa pombe ya ndizi kibuyu kizima, kwa sababu hiyo nayo si maji. Mnaona akili ya mtu aliyeshikwa na hofu.

Miezi miwili kabla ya masika, akaamua kwenda kwa Bi Kalunde.

Bi Kalunde alikuwa digidigi, mjane, mdogo kiasi kwamba Kifaru angeweza kumkalia bila kujua. Lakini akili alikuwa nayo, na nasema hivi bila kumpendelea, tangu nianze kusimulia sijamwona wa kumfikia. Bustani yake ya maboga, nyanya na mchicha ilikuwa kando ya njia iendayo vichakani. Aliona nani anapita, anapita mara ngapi, na anakaa huko muda gani. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Hodi hapa," Kifaru aliita.

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikuja kwa ajili yangu mimi. Nina rafiki yangu."

"Ehe."

"Huyo rafiki yangu anasumbuliwa na haja ndogo. Haitoki vizuri."

Bi Kalunde aliendelea kupalilia. "Rafiki yako ni mkubwa kiasi gani?"

"Wa kiasi tu. Kama mimi hivi."

"Ana pembe?"

Kifaru akakohoa. "Sijamwangalia vizuri."

"Usiku anaamka mara ngapi?"

"Tano," Kifaru alijibu haraka mno. "Ndivyo alivyoniambia."

"Na maji anakunywa?"

"Ameacha kabisa. Ni mwerevu sana huyo."

Bi Kalunde akaweka jembe chini. Alimtazama Kifaru kwa muda, na macho yake makubwa hayakuwa na mzaha tena.

"Mzee, marehemu mume wangu naye alikuwa na rafiki wa namna hiyo. Kila siku alinisimulia habari za rafiki yake. Siku moja rafiki akazibika, hata tone halikutoka, tumbo likamvimba. Nikakimbia kumtafuta daktari, na nilipofika naye tulikuwa tumechelewa. Ndipo nilipojua kwamba hapakuwa na rafiki."

Kifaru alitazama kwato zake. Alitaka kusema kweli, akajikuta anahesabu maboga.

"Basi, mwambie huyo rafiki yako," Bi Kalunde akasema kwa upole, "mchana anywe maji ya kutosha, na jua likizama apunguze. Kahawa iwe kikombe kimoja cha asubuhi. Pombe aiache, inambana. Na mihogo ya kukaanga inayoogelea kwenye mafuta, aipumzishe. Ale mboga za majani, maharage, nyanya zilizopikwa. Na hizi mbegu za maboga azikaange bila chumvi, atafune kiganja kimoja kila siku. Aache pia kukaa barazani kutwa nzima, atembee."

"Atapona?"

"Huenda akapata nafuu. Mbegu zinawasaidia wengine, kwa wengine hazifanyi kitu, siwezi kukudanganya. Mimi ni mkulima, sipimi watu. Ndani ya kila dume kuna tezi, ndiyo hiyo tezi dume, imekaa chini ya kibofu na imeizunguka njia ya mkojo. Dume akizeeka, inakua na kubana njia. Mara nyingi ni uzee tu. Lakini kuna wakati ni uvimbe mbaya, na mbegu ya boga haiwezi kukwambia ni upi. Aende kwa Daktari Korongo."

"Rafiki yangu hawezi. Akionekana pale, boma limekwenda."

Kifaru akachukua kikapu cha mbegu alichopewa, akaondoka.

Nyumbani kukawa na mambo mapya. Kru, kru, kru, Kifaru anatafuna mbegu. Mchicha ukaletwa mezani, akaula. Akanywa maji mchana, akatembea asubuhi mpaka kijitoni na kurudi. Bi Nyamizi alimtazama tu, huku akimwongezea nyanya kwenye maharage. Mwezi ulipopita, mkojo haukuunguza tena, na usiku akawa anaamka mara tatu badala ya tano. Alifurahi sana, akajiona kijana.

Zilipobaki siku tisa masika yaanze, akajijaribu kwenye vichaka vya nyuma ya nyumba. Kichaka cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu, ti, ti. Cha nne hakuna. Akasimama pale akitazama boma lake, kijito, na wanawe wakicheza matopeni, na machozi yakamtoka.

Akarudi kwa Bi Kalunde mbio mbio.

"Rafiki yangu ana nafuu," akasema akihema, "lakini nafuu yenyewe haimfikishi kichaka cha nne."

"Chakula kimefanya kazi yake," Bi Kalunde akasema. "Sasa ni zamu ya daktari. Mwambie aende Alhamisi, saa nne asubuhi, apitie mlango wa nyuma. Nimeshazungumza na Daktari Korongo. Nakuapia, saa hiyo hatakuwepo hata mmoja wa kumcheka."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alhamisi ilipofika, Mzee Kifaru alijitanda kanga ya mkewe kichwani, akapita porini akinyata. Kifaru akinyata, wajukuu zangu, ardhi yote inajua. Akafika nyuma ya nyumba ya daktari akichungulia huku na huku.

Palikuwa na mti mwembamba. Nyuma ya mti palionekana masikio mawili makubwa, mkonga, na tumbo lote.

"Nani yuko hapo?" Kifaru akanong'ona.

"Hapa hakuna mtu," mti ukajibu.

Kifaru aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Tembo, mwenyekiti wa wazee, ambaye kila masika ndiye aliyehesabu vichaka. Akataka kugeuka akimbie, lakini rundo la matope lililokuwa kando ya ukuta likakohoa. Lilikuwa na pembe.

"Mzee Nyati?"

"Nimekuja kwa ajili ya rafiki yangu," rundo likasema.

"Na mimi nina rafiki," Tembo akadakia kutoka nyuma ya mti.

"Hata mimi," akasema Kifaru.

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anawaza jambo lilelile, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Tiki tiki tiki. Bi Kalunde akatokea, amebeba kikapu cha mbegu za maboga zilizokaangwa.

"Shikamooni, wazee. Naona mmefika kwa wakati, nyote watatu."

Nyati akainuka, matope yakamdondoka. "Wewe mwanamke, uliniahidi siri!"

"Siri sikukuahidi, mzee. Wote niliwaambia neno moja, kwamba hatakuwepo wa kuwacheka." Akawatazama mmoja mmoja, yeye aliyewafikia magotini. "Haya, nani anacheka?"

Hapakuwa na aliyecheka.

Kifaru aliivua ile kanga polepole. Alijua kwamba anayehesabu vichaka yuko mbele yake, na anayeanzisha kicheko yuko kando yake. Alijua pia kwamba amechoka. "Mimi sina rafiki," akasema. "Ni mimi mwenyewe. Usiku naamka mara tatu, zamani zilikuwa tano. Kichaka cha nne sikifiki."

Alishangaa kwamba ardhi haikupasuka.

Tembo akatoka nyuma ya mti. "Mimi masika yaliyopita nilijaza maji mkongani," akasema kwa sauti ndogo. "Kuanzia kichaka cha tatu, yalikuwa maji ya kijito."

Wote wakamgeukia Nyati. Nyati alikuwa anatazama chini.

"Nilipoanza kumcheka Pofu," akasema, "nilikuwa nataka watu wamtazame yeye. Wakimtazama yeye, hawanitazami mimi."

Bi Kalunde akaweka kikapu chini. "Samahani, wazee wangu, mimi ni mkulima tu, mambo ya baraza siyajui. Nani anaamua kwamba aliyeishiwa ahamishwe?"

"Sisi," Tembo akajibu.

"Ninyi watatu?"

"Sisi watatu."

"Basi amueni sasa hivi, daktari hajaita wa kwanza."

Hapo ndipo Kifaru alipoelewa. Yule kiumbe mdogo alikuwa amelikusanya baraza zima nyuma ya nyumba ya daktari, bila tarumbeta na bila barua, akalikalisha kikao bila lenyewe kujua. Tangu mwanzo hakuwa anahangaikia kibofu cha dume mmoja. Alitaka mbuga nzima isiwe na mwanamke mwingine wa kukimbia kumtafuta daktari akiwa amechelewa. Kifaru aliyewahi kuangusha miti kwa pembe alimtazama yule mjane kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa dume yeyote.

Kikao kilikuwa kifupi. Tembo alisema mipaka iwekwe kwa mawe, vichaka vipumzike, na Pofu arudishiwe boma lake kabla ya jioni. Nyati akasema ataenda kumwita mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyemcheka.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Korongo akatoa shingo ndefu. "Wa kwanza."

Kifaru akaingia. Msiniulize alipimwaje. Yeye mwenyewe alisema kazi yote ilikuwa fupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa, akaona haya kwamba ameikimbia mwaka mzima. Tezi yake ilikuwa imekua kwa uzee tu. Akapewa dawa, akaambiwa aendelee na mboga, maji ya mchana na matembezi, na arudi kupimwa kila mwaka. Tembo naye akakutwa vivyo hivyo.

Nyati alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, ile sauti nene haikuwepo.

"Kuna uvimbe," akasema. "Ule mbaya. Daktari anasema bado ni mdogo, haujasambaa, na nikianza matibabu sasa nitapona." Akapangusa matope usoni. "Nilikuwa nimepanga kusubiri masika yapite. Labda na masika mengine."

Bi Kalunde aligeukia ukuta, mabega yake madogo yakatikisika, na madume watatu wakajua analia kwa ajili ya nani. Kifaru akasogea, akasimama kando yake ili jua lisimchome.

"Bi Kalunde," akasema, "umetudanganya wazee wazima watatu."

"Ndiyo, mzee."

"Mungu akubariki."

Hadithi yangu inakaa chini hapa, na aliyebanwa tangu nilipoanza aende sasa, asingoje nimruhusu: wajukuu zangu, mkiumwa semeni mapema na mkapimwe, maana kula vizuri kunasaidia, lakini aibu haijawahi kumtibu mtu.