Walioenda Msibani kwa Sote

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye haja zake akazimalize, maana nikishaanza sikatishwi na mtu. Na mwisho kuna swali. Atakayesinzia asije akanibabaikia kwamba hakusikia.

Zamani dunia zilikuwa nyingi, zimepakana kama mashamba ya ndugu. Ukiijua njia, unatoka hii unaingia ile. Katika mojawapo kulikuwa na mji unaitwa Kidimu, na katika mji huo waliishi watu watatu walioshibana, kila mmoja na kipawa chake.

Kitwana alikuwa mfungua njia. Akikanyaga mahali dunia mbili zinapokutana, nyayo zilimwasha. Hapo husimama, akajikuna, akasukuma hewa kwa bega, na mlango ukafunguka mbele yake. Bila yeye, watu wa Kidimu wangezaliwa na kufa hawajui kwamba hata wana majirani.

Sikudhani alikuwa na mdomo. Si mdomo wa kusengenya, hapana, mdomo wa utani. Aliwahi kumtania jumbe wa mji kuhusu tumbo lake mpaka jumbe mwenyewe akakaa chini kwa kicheko, akasahau kesi aliyokuwa akiihukumu. Wafiwa walimpenda. Alipoingia msibani, watu walilia na kucheka kwa pamoja, wakaondoka wepesi.

Zawena alikuwa na masikio. Soko likifurika na kila mtu ananadi chake, yeye aliweza kuishika sauti moja, akaifuata mpaka kwa mwenyewe. Nitamfuata zaidi Zawena katika hadithi hii, kwa sababu yeye ndiye aliyeumizwa kuliko wenzake. Au ndivyo alivyoapa.

Sasa kulikuwa na Sote.

Sote alikuwa mzee kuliko njia zote za dunia. Alikuwa mmoja, lakini miili yake haihesabiki: wazee, askari, mabibi harusi, watoto wenye meno ya utoto, wote aliowabeba kutoka kila dunia, na nia yao wote ni moja. Akisema neno, kikongwe analianza, askari analiendeleza, mtoto analimaliza. Na alikuwa na vituko! Mwaka mmoja aliamuru watu wa dunia saba wawaamkie kuku shikamoo. Mwaka mwingine alihamisha mlima, eti anataka kuuona mgongoni. Na wale aliowachukua aliwabadilisha sura kama mtu anayechanganya kanga sandukuni, huyu akavaa uso wa yule, ili asije akachoka kujitazama.

Aliwachukuaje? Kwa makofi. Alipita na miili yake mingi, anaimba, anapiga makofi matamu ajabu. Ukiyaitikia mpaka wimbo ukaisha, basi umeingia. Alipopita Kidimu aliondoka na wengi. Aliondoka na Mrashi, binti mdogo wa Zawena, aliyekuwa anatwanga na akauacha mchi apate kupiga makofi. Aliondoka na Bi Rehani, mama mzazi wa Sikudhani. Aliondoka na Pandu, pacha wa Kitwana.

Wale watatu hawakukaa kulia. Walimwaga chumvi kwenye kiganja kimoja, wakailamba kwa zamu, wakaapa: "Wanatoka wote watatu, au hatoki mtu."

"Atakayemgeuka mwenzake?" Sikudhani akauliza.

"Chumvi hii imkabe," Zawena akajibu. Yeye ndiye aliyeyasema maneno hayo, na aliyasema kwa sauti kubwa.

Mpango ulitoka kwa Sikudhani. Alikuwa amesikia kwamba Sote hupenda mno misiba, na asipopata wa kumzika, hujizika mwenyewe. Huuchagua mwili mmoja katika miili yake, akauvika sanda ukiwa mzima unapumua, kisha akajililia kwa vinywa vyake vyote na kujisifu. Lakini kitu kimoja alikikosa. Hakuwa na mtani. Angempata wapi, ikiwa kila mtu ni yeye?

"Mazishi bila mtani ni uji mtupu," Sikudhani akasema. "Nitakwenda kuwa mtani wake. Nitalala kaburini, nikatae kutoka mpaka anipe ninachotaka. Mila ni mila, mfiwa hawezi kumnyima mtani. Na msibani hapapigwi makofi, kwa hiyo hatatuchukua."

Basi wakaondoka, Kitwana mbele. Alifungua mlango wa kwanza, wakatokea kwenye dunia ya mvua isiyokoma. Akafungua mwingine, wakatokea mahali ambapo vivuli vya watu vilitangulia kusalimia kabla ya wenyewe. Alijikuna mpaka nyayo zikatoka damu, hakulalamika. Walipofika mlango wa mwisho, akawaambia wenzake wapite, naye akabaki nyuma kidogo, ameweka kiganja kwenye kizingiti.

Zawena alikuwa ametangulia, lakini masikio yake hayakujua kutangulia. Akamsikia Kitwana anaunong'oneza mlango: "Najua wakati wa kurudi hutabeba zaidi ya mtu mmoja juu yetu sisi watatu. Nivumilie tu, umpitishe Pandu wangu."

Lo! Kumbe Kitwana alijua! Alijua tangu Kidimu, tangu chumvi i kiganjani, kwamba ni mtu mmoja tu atakayerudi nao. Aliwaficha kwa sababu bila mdomo wa Sikudhani na masikio yake Zawena, asingeweza kumpata ndugu yake. Ametuchezea kama watoto, Zawena akawaza, na moyo ukamchoma kweli kweli, maana Kitwana ndiye aliyemshika mkono siku ile alipolia na kugaragara penye mchi wa Mrashi.

Je, alimwambia Sikudhani? Hakumwambia. Alifunga kinywa, akaendelea kutembea.

Wakafika. Uwanja umejaa miili ya Sote, mweupe huyu, mweusi yule, mrefu, mfupi, wote wanalia kwa mpigo mmoja kama ngoma. Katikati kaburi limechimbwa, na kando yake kijana mmoja amelazwa ndani ya sanda, anajikuna pua. Kazi ya Zawena ikaanza. Ilikuwa kutambua nani yuko nyuma ya uso gani, kisha amwonyeshe Sikudhani, ili Sikudhani awataje wote watatu akishalala kaburini.

Zawena akafumba macho. Kilio kilimpiga kama maporomoko ya maji. Akatafuta sauti ndogo ya mwanawe, akaikosa. Akatafuta tena. Ndipo akasikia, mbali ndani ya kilio kile, sauti ya mwanamke mtu mzima: "Zawena! Zawena we! Mwanao huyu hapa karibu yangu! Namtajisha jina lake asije akalisahau! Njoo huku!"

Alikuwa Bi Rehani, mama yake Sikudhani. Zawena akaifuata sauti hiyo, na kando yake akaipata ya Mrashi, inarudiarudia: "Mimi Mrashi, wa Zawena, wa Kidimu." Alipofumbua macho akaona: Bi Rehani yumo ndani ya msichana mwenye ushanga mwekundu. Mrashi yumo ndani ya mzee mwenye ndevu nyeupe. Pandu akampata baadaye, ndani ya askari mwenye chongo.

"Shoga, umemsikia mama?" Sikudhani akauliza, sauti inamtetemeka.

Zawena akapiga hesabu haraka, na hesabu ya mama aliyepotelewa haina haya. Kitwana ameshatugeuka. Na huyu naye akinigeuka? Akiwataja wote watatu, hakijaharibika kitu, Mrashi yumo. Lakini akimtaja mama yake peke yake, je?

"Nimemsikia kwa shida," akasema. "Ndiye yule mzee wa ndevu nyeupe. Na Mrashi wangu ndiye yule msichana wa ushanga. Pandu bado namtafuta, wewe anza."

Naam. Ndivyo alivyosema, bila kumeza mate.

Sikudhani akajifunga kibwebwe, akakimbia, akajitupa kaburini chali, miguu juu.

"Nani huyu?" kikongwe mmoja akaanza. "Anayelala," askari akaendeleza. "Mahali petu?" mtoto akamaliza.

"Mtani wako, ewe mzee usiyejua kufa!" Sikudhani akapaza sauti. "Unajizika na huna hata mtu wa kukusema vibaya? Una vinywa kama mchanga na hakuna hata kimoja kilichokuambia kwamba unanuka! Una macho yote hayo, na umeshindwa kuona kwamba maiti yako inajikuna pua!"

Sote akacheka. Hajawahi kutaniwa tangu dunia zilipoachana, akacheka kwa vinywa vyote, miili ikaangukiana, na maiti ikakaa kitako ndani ya sanda ikishika mbavu.

"Tena, mtani! Tena!"

Sikudhani akamtania mpaka sauti ikamkauka. Ndipo akasema, "Sasa mila. Sitoki humu mpaka unipe watu wangu."

"Watu wangapi?" Sote akauliza kwa utamu. "Maana ukitaja mmoja, tunakupa sasa hivi, bila neno. Ukitaja zaidi, itabidi tufikiri. Na sisi, mtani, tuko wengi. Tukikaa kufikiri hupita miaka mia."

Sikudhani akainua kichwa. Akamtazama Zawena. Akamtazama Kitwana. Kisha akamtazama yule mzee wa ndevu nyeupe, na macho yake yakajaa machozi.

"Nipe mama yangu," akasema. "Yule pale."

Zawena alijua. Alikwisha kumtegea mwenzake kwa ajili ya saa hiyo hiyo, lakini alipoyasikia maneno yale yalimpasua kifua kana kwamba hakuyatarajia kabisa. "Sikudhani!" akapiga ukelele. "Tulilamba chumvi!" Wahenga hawakukosea, mtenda akitendewa hudhani kaonewa.

Yule mzee wa ndevu akapiga chafya. Ndevu zikapukutika, mgongo ukanyooka, uso ukabadilika, na pale aliposimama akawa amesimama Mrashi, mdogo, mikono bado ina vumbi la unga. Akamkimbilia mama yake, akajificha kwenye nguo zake.

"Hee!" Sikudhani akaropoka kutoka kaburini. "Mama yangu yuko wapi?"

Na mtoto, jamani, mtoto ametoka mahali ambapo hakuna anayemficha mwenzake kitu. Akainua uso, akauliza kwa sauti iliyosikika uwanja mzima: "Mama, mbona Bibi Rehani alikuita sana? Si ndiye aliyekuonyesha nilipo? Kwa nini hukumwitikia?"

Zawena alimkumbatia mwanawe, akatazama chini. Sikudhani alilia kilio ambacho hakuna mtani angeweza kukicheka.

"Wewe!" akasema. "Mama yangu alikuwa anamtunza mwanao, na wewe ukamkana!"

"Na wewe umemkana mwanangu! Na huyu," Zawena akamnyooshea kidole Kitwana, "alijua tangu nyumbani kwamba mlango unabeba mmoja tu! Mwulize!"

Kitwana hakukataa. "Nilijua," akasema. "Ningewaambia, mngekuja? Nimewaleta kwa damu ya nyayo zangu. Pandu nilizaliwa naye. Asipopita yeye, sifungui."

"Nami sijatoka kaburini," Sikudhani akajibu. "Sijaridhika na nilichopewa, na kwa mila, mtani asiporidhika mtoto anarudi alikotoka."

"Na bila mimi hamjui kwa hakika Bi Rehani yuko nyuma ya uso gani, wala Pandu," Zawena akasema, ameuma meno. "Mtaokota nani?"

Sote alikuwa anafurahi kupita kiasi. Hajapata msiba mzuri kama ule. "Tunaruhusu kubadilishana," akasema, kinywa hiki na kile. "Chukueni mmoja, yeyote, tutamtoa. Lakini kaburi likijaa msiba umekwisha, na msiba ukiisha tunapiga makofi. Au ingieni wote sasa hivi. Ndani yetu hakuna mlango wa kugombea. Hakuna anayesema hili akawaza lile. Sisi hatujawahi kusalitiana hata siku moja. Ninyi je?"

Majembe yakaanza kurudisha udongo. Ulimfunika Sikudhani mpaka magotini, akaendelea kulala. Kitwana akasimama mlangoni, amekunja mikono. Mrashi akavuta nguo ya mama yake, na Zawena akamsikia, kwa masikio yale yale, Bi Rehani bado anaita kutoka kwa msichana wa ushanga. Safari hii hakuita jina la Zawena. Aliita la binti yake.

Haya basi, msinitazame mimi, mimi msimuliaji tu. Kitwana aliwafikisha, bila yeye wasingeiona hata njia. Sikudhani alilala kaburini, bila yeye Sote asingemwachia mtu. Zawena alisikia, bila yeye wangerudi na mgeni. Na wote watatu walilamba chumvi ile, wote watatu wakaitema. Mlango unabeba mmoja. Mrashi, Bi Rehani, au Pandu?

Na asiniambie mtu "wote," hilo lilishaapiwa na mmeona lilivyokwisha. Taja jina moja. Ukishalitaja, wageukie wale wawili waliobaki, uwaambie kwa kinywa chako mwenyewe kwa nini wanaachwa.